Makapi ya miwa, wanga wa muhogo au PLA: kifungashio gani kinachooza kinaifaa Dar?

Tangu Juni 1, 2019 mfuko wa plastiki wa kubebea umepigwa marufuku Tanzania Bara, na rambo tumeshaisahau. Kilichobaki ni kile ambacho kanuni zile hazikukigusa: kifungashio cha chakula. Chipsi bado zinamiminwa za moto kwenye mfuko laini wa nailoni, wali maharage unafungwa kwenye boksi jeupe la povu, na juisi ya miwa inaondoka kwenye kikombe chepesi kitakachoishia mtaroni kabla barafu yake haijayeyuka. Hata ule mfuko mbadala tunaouita wa kitambaa, ambao shirika la viwango, TBS, linautaka uwe na gramu 70 kwa mita ya mraba, ni polipropilini. Ni plastiki ile ile, ila imevaa vizuri.

Sasa kila upande kuna mtu anayekuonyesha boksi la kahawia au mfuko wa kijani na kukwambia, "Hiki kinaoza." Wanaobaki na maswali ni wawili: mwenye mgahawa au mama lishe anayetaka kujua anunue kipi, na kijana mwenye mtaji mdogo anayetaka kutengeneza mwenyewe kutokana na taka za sokoni. Ninawaandikia wote wawili, ila kuna mahali nitawatenganisha, maana kinachofaa kununuliwa si lazima kifae kutengenezwa.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa chakula cha moto cha mtaani, makapi ya miwa yaliyokandamizwa yanashinda, na hayana mpinzani wa karibu. Wanga wa muhogo una nafasi yake, nyembamba kuliko inavyotangazwa. PLA, plastiki inayotengenezwa kwa sukari ya mimea, ni nzuri mahali penye mfumo wa kuikusanya na kuiozesha. Kwa Dar ya leo, ninayo mashaka nayo makubwa. Na hakuna hata kimoja kati ya hivi kitakachobeba supu ya pweza kutoka kibandani hadi nyumbani kwa amani.

Taka ipi, na iko wapi?

Watengenezaji wengi huanza na hesabu yenye sifuri kwenye mstari wa malighafi, kwa kuwa ni taka. Sifuri hiyo haidumu. Chukua makapi ya miwa ya viwandani, yaani bagasi. Tani 1 ya miwa huacha kilo 250 hadi 300 za makapi, nusu yake ikiwa maji. Ni mengi, lakini Kilombero, TPC ya Moshi, Mtibwa na Kagera wanayachoma kwenye maboila yao kupata mvuke na umeme. Ukienda kuyaomba, unashindana na boila. Ukipata ziada, unakodi lori litakalojaa kwa ukubwa wa mzigo kabla halijafika hata robo ya uzito wake.

Mjini kuna makapi mengine, yale ya vibanda vya juisi. Haya unayaona karibu kila kona, yamerundikwa kwenye ndoo au kiroba, nyuki wakiyazunguka. Ni safi kwa maana ya kwamba muwa umemenywa na kukamuliwa leo. Tatizo lake ni sukari iliyobaki: kesho yake yameshachacha na kutoa harufu. Anayetaka kuyatumia lazima ayakusanye kila siku, ayaoshe na kuyaanika siku hiyo hiyo. Kwa karakana ndogo inawezekana. Kwa kiwanda, kuzungukia vibanda na bajaji ni gharama itakayokula faida yote.

Madafu yanawadanganya wengi. Makumbi yamejaa kila mahali na mwenye toroli anafurahi ukimwondolea, hivyo inaonekana kama bahati. Lakini kumbi la nazi lina lignini nyingi mno, ile gundi ya asili inayoupa mti ugumu wake, na kuitoa kunahitaji kemikali kali na moto mrefu. Unachopata baada ya hapo ni nyuzi ngumu za kahawia zinazofaa kamba na magodoro. Sahani ya chakula hapana. Yaacheni makumbi kwa wenye vitalu vya miche.

Pale Mahakama ya Ndizi, Mabibo, kunabaki vikonyo vya mikungu baada ya ndizi kukatwa. Nyuzi zake ni ndefu na imara, na ukizichanganya na za miwa, ambazo ni fupi, unapata sahani isiyovunjika kirahisi. Ila kikonyo ni maji karibu kilo 9 kwa kila kilo 10, kwa hiyo unasafirisha maji. Ningevitumia kama kiungo tu, basi.

Maganda ya mpunga nayapita haraka: yana silika nyingi inayokula visu vya mashine, na wachoma matofali wameshayapangia kazi.

Muhogo unastahili maneno zaidi kidogo. Unatoka Mkuranga, Kisarawe, Bagamoyo, na ukishang'olewa huanza kuharibika ndani ya siku 2 au 3. Kwa hiyo sokoni kila siku kuna mihogo iliyopigwa weusi ambayo hakuna atakayeinunua kwa kula, na wanga wake bado uko mle. Maganda ni jambo jingine: yana sumu ya sianidi nyingi kuliko nyama ya muhogo na wanga wake ni kidogo. Hazina ya kweli ni makapi yanayobaki baada ya kukamua wanga kiwandani, ambayo yakikaushwa, karibu nusu ya uzito wake au zaidi bado ni wanga. Shida ni kwamba makapi hayo hupatikana tu penye kiwanda cha wanga. Kwenye kikaango cha mihogo ya barabarani hayapo. Na kama mpango wako unakulazimisha kununua mihogo mizima mizuri, basi hapo si taka tena. Umeingia sokoni kushindana na walaji.

Makapi yaliyokandamizwa

Trei la mayai la karatasi unalijua. Boksi la makapi ni ndugu yake mwenye malezi bora. Unachemsha makapi kwa kostiki, ile ile ya watengeneza sabuni, ili lignini itoke. Unaosha mpaka maji yaache weusi, unaponda mpaka upate uji wa nyuzi. Uji unamwagwa juu ya chujio lenye umbo la sahani, maji yanavutwa kwa chini, na kinachobaki kinabanwa kwenye kalibu ya chuma yenye moto wa zaidi ya nyuzi 150. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayotofautisha boksi la chakula, gumu na lenye uso laini, na trei la mayai lenye mikunjo.

Hakuna gundi inayohitajika. Nyuzi zenyewe zinashikana zinapokauka chini ya mgandamizo. Matokeo yanavumilia ugali unaotoka jikoni sasa hivi, yanavumilia jokofu, yanavumilia maikrowevu. Boksi la povu, kwa kulinganisha, hulainika likiguswa na mafuta ya kukaangia yaliyo moto kweli, na chakula kinakaa juu ya kitu ambacho hukukusudia kukila.

Udhaifu wake ni mchuzi. Nyuzi za mmea zinapenda maji, na mafuta pia hupenya polepole. Kwa miaka mingi viwanda duniani vilitatua hili kwa kuongeza PFAS, familia ya kemikali zinazofukuza mafuta na maji na ambazo hazivunjiki, si udongoni wala mwilini. Fikiria ajabu yake: boksi limeoza, dawa yake imebaki kwenye mboji yako. Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza kwamba dawa hizo za kuzuia mafuta kwenye karatasi za chakula haziuzwi tena nchini humo, na sheria mpya ya vifungashio ya Umoja wa Ulaya inaziwekea ukomo mkali kuanzia Agosti 2026. Mzigo ambao hautauzika kule utatafuta pa kwenda. Kwa hiyo unaponunua boksi la makapi lililoagizwa nje na ukaona mafuta yanateleza juu yake kama maji kwenye jani la yungiyungi, uliza kwa maandishi kama lina PFAS. Muuzaji asiyeelewa swali ni jibu tosha.

Lisilo na dawa litaanza kulowa baada ya muda, kwa kawaida baada ya mlaji kumaliza kula. Kwa chipsi, mishikaki, samaki wa kukaanga na wali mkavu, hilo halina shida. Kwa maharage yenye mchuzi, ninalo pendekezo ambalo halihitaji maabara: kipande cha jani la mgomba lililobabuliwa motoni, kitandikwe ndani. Jani likibabuliwa linalainika, halipasuki, na halipitishi mafuta. Bibi zetu wanafunika wali kwa jani hilo hilo, kwa hiyo hakuna mteja atakayeshangaa.

Kwa mtengenezaji, uzito uko kwenye maji machafu. Maji ya kostiki yaliyochemshia makapi ni meusi, makali, na huwezi kuyaachia mtaro wa Vingunguti uyapeleke mto Msimbazi. Utahitaji tathmini ya mazingira ya NEMC, baraza la mazingira la taifa, na njia ya kuyatibu, na hapo ndipo bajeti nyingi hufa. Ushauri wangu: usianze na kuchemsha. Anza na kalibu na mgandamizo, ukinunua nyuzi kavu zilizokwishasafishwa, ujifunze soko, kisha ndipo urudi nyuma kwenye makapi mabichi. Watu hawapendi kusikia hivi kwa sababu hadithi ya taka ndiyo inayovutia wafadhili.

Na tafadhali, mwenye wazo la kuchukua magazeti na maboksi ya zamani badala ya makapi, afanye trei za mayai. Wino na mafuta ya uchapaji yaliyomo kwenye karatasi zilizorejelezwa hayatakiwi kugusa andazi lenye mafuta. Najua sote tumekula karanga kwenye gazeti.

Wanga wa muhogo

Hiki ndicho kinachotamba kwenye video. Kijiko 1 kikubwa cha wanga, vinne vya maji, kimoja kidogo cha gliserini, kimoja cha siki. Koroga motoni mpaka iwe uji mzito unaong'aa, tandaza kwenye sinia, acha ikauke. Unapata ngozi ya plastiki inayopitisha mwanga, na darasa zima linapiga makofi. Sayansi yake ni ya kweli. Kwenye nyuzi joto 60 hadi 70 chembe za wanga hunyonya maji, huvimba na kupasuka. Gliserini hukaa kati ya minyororo yake na kuizuia isishikane mpaka kuwa kama kigae.

Kisha masika yanaingia. Hewa ya Dar ina unyevu mwingi mwaka mzima, na kuanzia Machi hadi Mei unazidi. Gliserini na wanga vyote vinavuta unyevu huo. Mfuko uliokuwa mkavu na mzuri Januari, mwezi wa nne unanata mkononi, na ukiuacha stoo unaota ukungu, kwa sababu kwa kuvu huo ni uji wa bure. Peleka mfuko huo huo Dodoma wakati wa kiangazi, utakauka na kupasuka. Na hata hali ya hewa ikiwa nzuri, minyororo ya wanga hujipanga upya taratibu na kitu kinakuwa kigumu kadiri wiki zinavyopita, kama kiporo cha ugali.

Ndiyo sababu mifuko ya wanga inayouzwa kibiashara si wanga mtupu. Huchanganywa na polima nyingine, mara nyingi PBAT, ambayo hutokana na mafuta ya petroli lakini bakteria wanaweza kuimaliza. Si udanganyifu, mradi muuzaji aseme. Ila mfuko wenye picha ya muhogo nje unaweza kuwa na PBAT nyingi kuliko muhogo. Ukitaka kujua kama kuna wanga wowote, nunua ayodini duka la dawa na udondoshe tone: likigeuka bluu iliyokolea hadi nyeusi, wanga upo. Tone hilo halikwambii vilivyobaki ni nini.

Sasa sifa yake, maana inayo. Ikiwa kavu, ngozi ya wanga huzuia oksijeni na mafuta vizuri sana, kuliko nailoni ya kawaida kwa upande wa oksijeni. Korosho, karanga na bisi huharibika kwa kuchacha mafuta yake, na kinachochachisha ni oksijeni. Kwa hiyo vitafunwa vikavu vinavyouzwa ndani ya siku chache, vikiwa ndani ya boksi au mtungi usiopitisha unyevu, ndiyo nyumba yake. Kashata sina uhakika wa kuipendekeza humo. Sukari nayo inavuta maji, na mtakuwa na vinata viwili. Chakula cha moto hapana kabisa: mvuke wa chipsi utaugeuza mfuko kuwa uji mkononi mwa mteja.

Kwa mtengenezaji, wanga ndio mlango rahisi kuliko yote kuingia kwa majaribio, na mgumu kuutoka na bidhaa ya kuuza. Mashine ya kutoa filamu ya wanga inafanana na ile ya nailoni, lakini inataka kudhibitiwa unyevu kila hatua. Ninaona nafasi nzuri zaidi kwenye vitu vinene: trei ndogo zilizookwa kwa kalibu ya moto kutokana na wanga uliochanganywa na nyuzi za kikonyo cha ndizi, kwa njia inayofanana na kuoka koni ya aiskrimu. Hapo ugumu wa wanga unakuwa faida.

PLA, na kwa nini nasita

PLA hutengenezwa kwa sukari. Bakteria hula sukari na kutoa asidi laktiki, ile inayofanya mtindi uwe mchachu. Asidi hiyo husafishwa na kuunganishwa kuwa plastiki inayong'aa kama kioo. Sukari inaweza kutoka kwenye mahindi, kama inavyofanya NatureWorks kule Blair, Nebraska, au kwenye miwa, kama kiwanda cha TotalEnergies Corbion nchini Thailand chenye uwezo wa tani 75,000 kwa mwaka. Kisayansi, molasi na makapi ya muhogo yanaweza pia. Lakini kipimo cha viwanda hivyo kinakwambia jambo: usafi unaotakiwa kabla ya kuunganisha asidi ni wa juu mno, na biashara hailipi kwa udogo. Kijana wa SIDO, shirika la viwanda vidogo, hii usiitengeneze. Unaweza kununua chembechembe zake na kuzifinyanga, basi.

Kwa mnunuzi, PLA ya kawaida hulainika kwenye nyuzi 55 hadi 60. Mimina chai ya rangi, kikombe kinajikunja. Acha maboksi yake kwenye gari lililofungwa juani Kariakoo mchana, unaweza kuyakuta yameinama. Inafaa juisi baridi, saladi, matunda yaliyokatwa.

Tatizo langu kubwa liko baada ya kunywa. PLA haiozi mtaroni wala baharini kwa muda wa maana kwetu. Inahitaji lundo la mboji lenye joto la karibu nyuzi 58, unyevu na hewa, kwa wiki kadhaa. Kwenye udongo wa kawaida wa Mbagala inaweza kukaa miaka. Na kwa macho, kikombe cha PLA na chupa ya maji ya PET ni kitu kimoja. Dar ina jeshi la waokota chupa ambao ndio mfumo wetu wa kweli wa urejelezaji. Wanapimiwa kwa kilo. Ukiwatupia PLA kati ya PET, hata kuvizamisha majini hakuvitenganishi, maana vyote huzama. PLA huyeyuka mapema kuliko PET na kuuharibu mzigo. Kwa hiyo kikombe "cha kijani" kinaweza kumpunguzia kipato mtu aliyekuwa akiisafisha Dar bila kuomba cheti.

Inanifaa pale tu ambapo vikombe haviondoki: mkutano, hoteli, shule yenye ukuta, ambako mtu mmoja anavikusanya vyote na anajua pa kuvipeleka.

PHA na maganda ya kamba

PHA ni plastiki ya bakteria pia, ila hapa bakteria wenyewe huihifadhi plastiki mwilini kama sisi tunavyohifadhi mafuta. Mfaransa Maurice Lemoigne aliieleza mwaka 1926. Inaweza kulishwa molasi, mafuta ya kukaangia yaliyotumika, hata maji ya viwanda vya maziwa, na huoza udongoni na baharini bila kuhitaji lundo la moto. Kwa jiji ambalo taka zake mvua ikinyesha hushuka na Msimbazi hadi baharini, hiyo ndiyo sifa tungeitaka. Bei yake ni mara kadhaa ya plastiki ya kawaida. Tusubiri.

Maganda ya kamba, wale wa baharini, yananivutia zaidi kwa sababu hayadai kuwa mfuko. Kutoka kwenye maganda unapata kitini, na ukiichemsha kwa kostiki kali inakuwa kitosani, unga unaoyeyuka kwenye asidi hafifu kama ya siki. Chovya embe au nyanya humo, ikikauka inabaki ngozi nyembamba isiyoonekana inayopunguza upumuaji wa tunda na kuzuia ukungu. Nyanya inayotoka Lushoto ikachelewa njiani, ikafika Ilala siku mbili baadaye ikiwa bado imara, imefanya kazi ambayo mfuko hauwezi. Kukusanya maganda kwenye soko la samaki la Feri lazima kuwe asubuhi, kabla hayajanuka, na kemikali zake zinahitaji usajili kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Ni kazi ya maabara yenye uangalifu. TIRDO, shirika la utafiti wa viwanda pale Msasani, au idara za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndiko pa kugonga mlango.

Kwa anayetaka kuona vyote kwa pamoja:

| Kifungashio | Kinabeba vizuri | Kinashindwa na | Kinaozea wapi |
|---|---|---|---|
| Makapi ya miwa | chipsi, wali, samaki, ugali wa moto | mchuzi wa muda mrefu | shimo la mboji la nyumbani, kama hayana PFAS |
| Wanga wa muhogo | karanga, korosho, bisi | mvuke, masika | udongoni, haraka. Wenye PBAT huchelewa |
| PLA | juisi baridi, matunda | chai, jua la gari | lundo lenye joto kali tu |
| PHA | karibu vyote | bei yake | udongoni na baharini |
| Kitosani | tunda lenyewe | si chombo | halibaki la kutupa |

Baada ya mlo

Kitu kinachooza kikifukiwa chini ya tani za taka pale Pugu Kinyamwezi, pasipo hewa, hutoa methani. Kwa hiyo boksi la makapi lililotupwa dampo si ushindi; ni afadhali tu, kwa kuwa halitaziba mtaro miaka 20. Faida kamili inapatikana likienda kwenye mboji. Kinondoni kuna kiwanda cha mboji Mabwepande, kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, kinachopokea taka za masoko. Kama una mgahawa unaotoa mabaki mengi upande huo, waulize kwanza kama watayapokea maboksi yako pamoja na maganda, na uwaambie ukweli kuhusu kilichomo.

Kuhusu lebo: neno "kinaoza" peke yake halina maana. Tafuta namba ya kiwango. EN 13432 ya Ulaya inadai kifungashio kisambaratike asilimia 90 ndani ya wiki 12 na kigeuke hewa ya ukaa asilimia 90 ndani ya miezi 6, kwenye mboji ya kiwandani yenye joto. Vyeti vya mboji ya nyumbani hupima kwenye nyuzi 20 hadi 30, ndani ya miezi 12, na hivyo ndivyo vinavyofanana na shimo la nyuma ya nyumba. Na ukiona "oxo" kwenye lebo, kimbia: ni nailoni ya kawaida yenye chumvi za chuma zinazoifanya ipasuke vipande vidogo. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku tangu Julai 2021.

Usalama wa chakula usiachwe nyuma kwa sababu ya mazingira. Makapi yaliyolundikwa yakiwa na unyevu huota kuvu, na sumukuvu tunaifahamu tangu ilipoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kausha kwanza, tunza juu ya chaga, usitumie chochote chenye doa la ukungu hata kama kitapita kwenye kalibu ya moto, maana sumu hiyo inastahimili joto. Tangu 2019 masuala ya usalama wa chakula yalihama kutoka iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, kwenda TBS, kwa hiyo Ubungo ndiko utakakopeleka sampuli kabla ya kuuza hata kontena moja.

Kwa wauzaji, basi. Mwenye chipsi na mishikaki, nunua boksi la makapi lisilo na PFAS, na kama bei inakuumiza, anza na oda za kupeleka ofisini, ambako mteja anaona tofauti na hagombi kuongezewa bei kidogo. Mama lishe, boksi lile lile na jani la mgomba. Wanaokula pale pale wape sahani ya kuosha, hakuna kifungashio kinachoishinda. Muuza karanga, jaribu wanga baada ya masika. Mwenye juisi ya miwa, kikombe cha kioo kwa anayenywa amesimama, na kwa anayeondoka mwambie arudi na chupa yake. Wa supu naye hivyo hivyo: hotipoti ya mteja.

Kabla hujalipa mzigo, omba maboksi machache ya mfano. Jaza maharage yenye nazi yanayochemka, funga, weka juu ya karatasi nyeupe kavu, kaa nayo muda ule ambao bodaboda wako huchukua kufika Posta saa za foleni. Kisha nyanyua uangalie karatasi. Usimruhusu muuzaji akufanyie jaribio hilo kwa maji baridi.